Mwaka Maturubai Yalipokakamaa

Kwenye msiba wa Gidamis, kule Hirbadaw, niliketi chini ya turubai la kukodi, na kabla sijamaliza kutoa pole mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye ukingo wake. Ni mazoea ambayo wanangu wamechoka kuyacheka. Popote penye turubai la plastiki, msibani, harusini, juu ya lori la vitunguu, nalishika, nalikunja kati ya vidole viwili na kusikiliza. Likijikunja kimya, bado zima. Likilia kama ganda la muhindi mkavu, siku zake zimekwisha. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama nauza maturubai. Nikamwambia hapana, ila zamani nilimtia mtu mahabusu kwa sababu ya turubai, halafu nikahangaika kumtoa, na mtu mwenyewe ndiye huyu tunayemzika leo. Aliniangalia, akavuta khanga yake, akasogea kidogo upande wa pili. Sikumlaumu. Kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimemwambia mtu yeyote nusu ya kwanza ya habari hiyo. Nusu ya pili, ile ya kumtoa, nilikuwa nimeisimulia mara nyingi sana.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na moja, msaidizi wa maabara kwenye mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali katika uwanda wa Hanang. Maabara ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja cha bati na saruji, dirisha lake likiutazama mlima, na ndani yake mlikuwa na mizani ndogo ndani ya kasha la kioo, tanuri la umeme lenye ukubwa wa kabati la vyombo, na makopo ya sampuli yaliyopangwa ukutani kwa namba za mashamba. Kazi yangu ilikuwa kupima unyevu wa ngano: unapima punje, unazikausha kwenye tanuri, unazipima tena, na kilichopungua ndicho maji. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuwa na ubishi. Meza yangu ilikuwa mbao mbovu yenye vibanzi, mpaka mwezi wa pili yalipokuja maturubai mapya ya kufunikia ngano iliyorundikwa nje, mazito, ya buluu juu na kijivu chini, ukingo umeshonwa kwa uzi mweupe. Lile la rundo la mwisho lilikuwa refu kuliko rundo, wakalikata. Msimamizi wa maturubai, Gidamis, aliniletea kipande kilichobaki. Alikuwa mtu mrefu wa familia ya wafugaji wa Hirbadaw, amenipita kama miaka kumi na tano, na alizoea kuinama mlangoni hata pale ambapo mlango ulikuwa juu ya kichwa chake.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, Bi Mizani. Nimeona mikono yako ina vibanzi. Tandika hiki."

Nikakitandika. Kilikuwa laini kama shavu la mtoto, na kilinuka duka, harufu ambayo wakati ule ilikuwa adimu kuliko duka lenyewe.

Chakula cha mchana tulikula kantini, wafanyakazi wa maabara, karakana na maghala kwenye mabenchi yale yale. Ulikuwa wakati wa uhaba. Sabuni ilikuwa habari unayoisikia kwamba imefika Arusha. Kilichokuwepo bila kukosa ni ngano na dizeli: ngano kwa sababu tuliilima sisi, dizeli kwa sababu kombaini, zile mashine za kuvunia, zisingekubali sababu yoyote. Kwa hiyo tulikula chapati, na mafundi walinawa mikono kwa dizeli kabla ya kuzila. Walisafishia dizeli spana, buti, na hata madirisha ya matrekta. Ukiingia kantini saa saba, hewa ilikuwa nusu maharage, nusu karakana, na baada ya mwezi mmoja pua inaacha kukujulisha. Mimi nilikaa mwisho wa benchi na daftari langu, nikiandika niliyosikia. Sikuwa na sababu. Niliandika bei ya kuku, ugomvi wa madereva, nani amehamishwa. Mafundi walinitania kwamba nimetumwa na usalama. "Andika na hii," dereva mmoja wa kombaini alisema siku moja, akimnyooshea Gidamis chapati, "watu wa ng'ombe wamepewa plastiki waitunze. Watailisha chumvi hiyo." Gidamis akajibu bila kuinua macho, "Nitailisha. Wewe kombaini yako unailisha nini, mbona inakohoa kila siku?" Benchi zima likaanguka kicheko, na mimi nikaandika yote mawili.

Mwezi wa tano baridi ilishuka. Asubuhi za uwanda ule upepo unatoka mlimani na kukata masikio, na maturubai yakaanza kuwa mazito kukunja. Siku hizi najua kwamba plastiki ya aina ile, vinaili, hukaza kidogo kwenye baridi na kulegea jua likipanda, na kwamba hapakuwa na tatizo lolote. Gidamis hakujua, na hakuwa mtu wa kuona kitu alichokabidhiwa kinakaza akanyamaza. Mwezi wa sita yale yale maturubai yalikuwa laini na yanang'aa, tukamsifu. Katikati ya mwezi wa saba yalikuwa magumu kama mlango. Kisha, tukiwa katikati ya mavuno, rundo kubwa la ngano likiwa nje likisubiri malori, mvua isiyo na msimu ilinyesha siku mbili. Walipokwenda kulifunua wiki iliyofuata, turubai lilikuwa limepasuka kwenye kila kunjo. Halikuchanika kama nguo. Lilivunjika kama kigae. Chini yake ngano ilikuwa imelowa na kuota, majani ya kijani yanachungulia kwenye nyufa, mistari iliyonyooka kana kwamba imepandwa na mashine.

Mkuu wa maabara yetu, Bwana Kileo, alinituma nikaandike hali ya rundo. Nikaandika vizuri. Hili ndilo ninalotaka lieleweke: sikusema uongo hata neno moja. Niliandika kwamba maturubai yalipokelewa mwezi wa pili yakiwa mapya. Niliandika kwamba kipande kilichokatwa kwenye turubai mojawapo kimetandikwa mezani kwangu tangu siku hiyo na bado ni laini kabisa, wakati yaliyoko kwenye rundo yamekakamaa na kupasuka kama ya miaka mingi. Niliandika kwamba kwa hiyo huenda si yale yale. Na kwa kuwa daftari langu lilikuwa na kila kitu, niliongeza kwamba Jumapili moja ya mwezi wa sita msimamizi wa maturubai alionekana akipanda lori la kuelekea Hirbadaw akiwa na mzigo mkubwa uliokunjwa kwa kuviringishwa. Kileo akasoma, akasema, "Umeandika kama mwanasheria," akampelekea meneja. Nilitembea kurudi chumbani kwangu nikiwa nimefurahi. Kesho yake saa nne polisi wawili walikuja na Land Rover, na kupitia dirisha la maabara nilimwona Gidamis akiinama kuingia ndani yake. Kantini mchana ilikuwa na neno moja tu: ameyauza mapya, ameweka makuukuu. "Atakuwa ameezekea zizi," alisema yule dereva wa kombaini, lakini hata yeye alisema kwa sauti ya chini, na chapati aliyokuwa nayo hakuimaliza.

Siku ya tatu mke wake alikuja maabara. Alikuwa mama kijana, mtoto mgongoni, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Tulisalimiana, nikampa stuli, akakataa kukaa.

"Dada Paskalina," akasema, "wanasema mume wangu alileta turubai nyumbani."

"Ndivyo wanavyosema."

"Jumapili kuna lori. Njoo nyumbani uone alicholeta."

Nilitafuta sababu ya kukataa, sikuipata. Nilidhani anamfuata kila mtu mwenye daftari. Nilidhani hajui daftari langu limefanya nini.

Kwa hiyo Jumapili nilikwenda Hirbadaw. Nilikuwa nimejiandaa kuona paa la buluu. Nyumba ya Gidamis ilikuwa ya udongo na nyasi, na mbele yake mama yake alikuwa ameketi chini akishughulikia ngozi ya ng'ombe. Ndiyo ule mzigo: ngozi aliyoinunua kwa wachinjaji wa kijijini karibu na shamba, akamletea mama yake ashone vazi la ngozi kama wanalovaa akina mama wa kabila lao. Bado ilikuwa na mikunjo ya kuviringishwa. Nikaikodolea macho mikunjo hiyo. Mama hakuwa na Kiswahili na mimi, mtu wa kabila jingine kutoka Tlawi, sikuwa na lugha yake, hivyo mkewe Gidamis alikaa katikati yetu akitafsiri. Nilipewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, yakinuka moshi mzuri wa mti waliofukizia, na nilipokuwa nikinywa nilimtazama mama akichovya vidole kwenye samli, akiipaka ngozi, akiisugua ngumi kwa ngumi, akiikunja, akiifungua, akipaka tena. Akauliza kitu.

"Anauliza," mkewe akasema, "ile ngozi ya serikali imelainika?"

Sikuelewa.

"Mume wangu alikuja kumwuliza mama. Alisema amepewa kitu kama ngozi, kinakaza kwa baridi, afanye nini. Mama akamwambia apake mafuta."

"Akapaka mafuta gani?" nikauliza.

"Ya huko kwenu. Dizeli. Alipaka, yakalainika. Baada ya siku chache yakakaza kuliko mwanzo, akapaka tena. Kila yakikaza anapaka."

Alipomtafsiria mama neno hilo, mama aliacha kusugua. Alisema maneno mengi kwa haraka, akaipigapiga ngozi kwa kiganja.

"Anasema mafuta ya gari walishayajaribu kwenye ngozi, samli ilipokosekana. Siku hiyo hiyo ngozi inakuwa laini kama sikio la ndama. Baadaye inapasuka. Anasema yale mafuta hayakai. Yakiondoka, yanaondoka na mafuta ya ngozi yenyewe."

"Mbona hakumwambia?"

Mkewe hakuhitaji kutafsiri hilo. "Alimwuliza kama apake mafuta. Hakumwambia mafuta gani."

Jioni ile nililifungua daftari langu na kulisoma tangu mwezi wa tano. Lilikuwa humo. Tarehe kumi na tisa mwezi wa sita: *Meneja amepita kwenye marundo. Amemsifu G. mbele ya watu, maturubai yanang'aa. Yananuka dizeli.* Mwandiko wangu mwenyewe, na nukta mwishoni. Niliyaona yote, nikayaandika yote, na nilipotakiwa kuyatumia nilichagua mzigo wa Jumapili. Nimekuwa na maisha marefu tangu hapo, nimeandika ripoti nyingi zaidi, na bado sijaacha kuogopa jinsi jambo la kweli linavyoweza kuketi kwenye ukurasa, limeandikwa vizuri, na mwandishi akalipita akitafuta lenye kupendeza.

Asubuhi nilimkuta Bwana Kileo kantini na chai. Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Halafu akachukua chapati.

"Plastiki hii peke yake," akasema, "ni ngumu. Bomba la maji lililo nyuma ya nyumba yako ni plastiki hii hii. Wakitaka ijikunje, kiwandani wanaikandia mafuta maalumu. Wenyewe wanaita plastisaiza. Sema kilainishi." Akaikunja chapati, ikakubali. "Unga huu bila mafuta ungekuwaje?"

"Kesho ungekatika."

"Ungekatika. Ukizidisha mafuta je?"

"Inakuwa laini mno. Ukiinua, inachanika yenyewe."

"Basi mwenye kiwanda ni mpishi. Akiongeza, inavutika na kuvumilia baridi, lakini nguvu inapungua. Akipunguza, ina nguvu, ila haijikunji. Anatafuta katikati. Sasa sikiliza: kilainishi hakijagandishwa mle ndani. Kimekaa tu katikati ya plastiki kama mgeni sebuleni. Akija ndugu yake, mafuta mengine, wanatoka pamoja." Alikula kipande. "Nilisoma haya chuoni. Nikaisaini ripoti yako bila hata kuyakumbuka." Akaniangalia. "Maneno hayatamtoa mtu mahabusu, Paskalina. Una mizani."

Nilikata kitambaa changu cha meza, kile kipande cha turubai. Mkasi ulipoingia niliona aibu, kama nakata nguo ya mtu. Nilipata vipande vitatu vinavyolingana, nikavipima kimoja kimoja. Cha kwanza nilikiacha. Cha pili nilikilaza kwenye chupa ya dizeli usiku na mchana, nikakitoa nikakianika. Cha tatu nilikifanyia hivyo mara tatu, kama Gidamis alivyofanya. Nilitaka kuvikausha kwenye tanuri, Kileo akapiga kelele: "Utatuchoma! Anika juani kama watu wengine!" Basi nikavianika kwenye waya nyuma ya maabara, na upepo wa Hanang, ambao nilikuwa nimeulaani mwezi mzima, ukafanya kazi. Vilipotoka kwenye chupa vilikuwa vizito na laini kuliko mwanzo, na nilielewa furaha ya Gidamis. Kisha kila siku vilipungua, na kila siku vilikaza. Siku ya kumi na moja viliacha kupungua. Cha pili kilikuwa chepesi kuliko kilivyoanza. Cha tatu kilikuwa chepesi zaidi, na kifupi kidogo. Kilichokosekana hakikuwa dizeli, kwa sababu tulipoanza hapakuwa na dizeli. Kilikuwa kilainishi. Nilifunga kopo la sampuli lililojaa ngano kwenye ncha ya kila kipande na kukining'iniza. Cha kwanza kilivutika, na nilipoondoa kopo kikarudi polepole. Cha pili kilivutika kidogo sana. Cha tatu hakikuvutika hata unywele. Kilishikilia, kikashikilia, halafu kikakatika mara moja kwa mlio, na ngano ikamwagika sakafuni.

Tulimngoja meneja ofisini kwake saa moja asubuhi, makusudi, baridi ikiwa bado kali. Nilikuwa nimeviacha vipande nje. Alichukua cha kwanza, akakikunja, kikajikunja. Alichukua nusu iliyobaki ya kile cha tatu, akakikunja, kikavunjika mkononi mwake.

"Hii ni ile ya kwenye rundo," akasema.

"Hapana, mkubwa. Ni ya mezani kwangu. Zote mbili ni kitambaa kimoja. Hiyo imepakwa dizeli."

Alikinusa. Akakinusa tena.

"Nilimsifu yule bwana," akasema.

"Ndiyo, mkubwa. Tarehe kumi na tisa mwezi wa sita."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Wewe binti unaandika kila kitu?"

"Ndiyo, mkubwa. Ila huwa sisomi." Kileo alikohoa.

Meneja akavuta karatasi akanisukumia. "Basi andika na ya polisi. Andika kama ile ya kwanza. Nitaweka sahihi."

Gidamis alirudi alasiri ya siku iliyofuata kwa lori la mbegu. Kantini walimwimbia, na yule dereva wa kombaini alimpa chapati zake mbili. Kisha alikuja maabara, akainama mlangoni, akaitazama meza yangu iliyobaki na vibanzi vyake. "Kitambaa changu kiko wapi?" "Nimekikata." "Ulikuwa unakipenda." "Sana." Alicheka, akakaa kwenye stuli, na sote wawili tukautazama mlima, na nakumbuka nilikuwa navuta pumzi kana kwamba nimetuliwa mzigo wa kuni. Ulikuwa wakati wa kumwambia. Nilikuwa na sentensi tayari. Akaniuliza kama sasa aoshe maturubai kwa nini, nikasema maji tu, na sentensi ikapita. Kila mwaka baada ya hapo, hata shamba lilipovunjwa na sisi kutawanyika, mtu alikuja kwetu Tlawi na kibuyu cha maziwa kutoka kwa Gidamis. Kila mwaka niliyanywa kama mtu aliyeyachukua mahali pasipo pake.

Kwa hiyo msibani, mkewe alipokuja kuketi karibu yangu, sasa bibi mwenye mvi, nilimwambia. Nilisema bila kupamba: ile ripoti ya kwanza iliyomfunga mumeo, niliiandika mimi.

"Tunajua," akasema.

Nilidhani hakusikia. Nikarudia.

"Dada Paskalina, walimsomea siku ile ile waliyomkamata. Imeandikwa habari ya kitambaa cha meza. Nani mwingine alikuwa na kitambaa hicho? Alikuletea yeye mwenyewe." Akamimina chai, akanipa kikombe. "Nilikwenda kumwona mahabusu, ninalia, nakutukana. Akaniambia, yule binti anaandika anachokiona. Bado hajamaliza kutazama. Mpeleke kwa mama."

Nilibaki na kikombe mkononi. Nje ya turubai vijana walikuwa wanapanga viti, na upepo wa mlimani uliliinua turubai juu yetu na kulirudisha chini, kimya, bila mlio wowote. Nikanywa ile chai yote, na ilipokwisha nikaomba nyingine.